Boma Lisilo na Bati

Mwalimu wangu wa darasa la saba siku hizi anaitwa Mheshimiwa. Mimi bado namwita Mwalimu. Si kwa heshima. Namwita hivyo ili asisahau.

Alikuwa Mrangi wa Kondoa, na kofia yake ya kufuma haikumtoka kichwani hata jua liwake vipi. Shule yenyewe iko ng'ambo ya barabara kuu, huku kwetu Ihumwa. Hesabu zake alifundishia mchangani. Anatutoa nje, anachora duara kwa kijiti, analikata. "Huu mkate. Nani anakula robo?" Mwenye njaa ndiye anayewahi kujibu, na njaa tulikuwa nayo wote. Sehemu nilizielewa.

Nilipofaulu kwenda sekondari, baba alisema imetosha. Ng'ombe walitaka mtu wa kuwachunga, na habari za posa zilishaanza kunong'onwa jikoni. Mwalimu akaja kwa baiskeli. Akasalimia kwa Kigogo, "Mbukwenyi," kwa ulimi wa Kirangi mpaka bibi akaziba mdomo kwa upande wa kanga. Baba akampa togwa, akampa na jibu: hapana. Akarudi. Akakataliwa. Akarudi tena, na safari hiyo alisema kwa sauti, majirani wamesimama uani.

"Mwalimu," baba akamwambia, "unaniaibisha mbele ya watu."

"Mzee wangu, aibu si maneno yangu. Aibu ni mtoto kukaa nyumbani na amefaulu."

Nilikuwa nyuma ya zizi, kinyesi cha ng'ombe mpaka kwenye vifundo vya miguu, nasikiliza maisha yangu yakiamuliwa. Nikamsikia baba akimmiminia togwa tena. Mwishoni akauliza sare inashonwa wapi. Nikasoma mpaka kidato cha nne. Kwa hiyo asinijie mtu kuniambia namchukia yule mzee. Ningekuwa namchukia, ningekuwa nalala vizuri.

Alipogombea udiwani, nani angemnyima? Nusu ya kata alikuwa amewafundisha. Kwenye kampeni alisimama juu ya meza akasema, "Wanafunzi wangu, mikono juu!" na mikono ikainuka, ya wanaume wenye ndevu, ya wanawake wenye watoto mgongoni. Tulimpa kura kama tulivyokuwa tukikusanya madaftari. Tuliamini mtu aliyetuchapa kwa kusema uongo hawezi kutudanganya. Hilo ndilo kosa letu, na sidhani kama tulikosea peke yetu.

Muda si mrefu mtoto wa jirani yangu akagongwa na lori akienda shule. Mazishini diwani wetu alilia. Alilia kweli, nilikuwa karibu. Akasema tujenge shule ndogo upande wetu, ili wale wa madarasa ya chini wasivuke lami. Utaratibu kila mtu anaujua: wananchi wanapandisha boma, yaani kuta tupu mpaka kwenye lenta, halafu serikali inapaua. "Ninyi kuta, mimi paa," akasema, udongo wa kaburi bado mbichi.

Tukapandisha. Wanawake tulisomba mchanga korongoni. Mwenye mbuzi alitoa mbuzi, mafundi wakala. Mimi nilikuwa na mimba ya binti yangu, nabeba maji ya kisima, yale ya chumvichumvi, ya kukorogea udongo. Mama mzazi wa yule marehemu alikuwa wa kwanza kufika kila asubuhi na hakuwa anaongea na mtu. Alikuwa anapanga tofali tu.

Kuta zikasimama. Naye akapanda: kutoka udiwani mpaka ubunge, kutoka Ihumwa mpaka Area D wanakokaa wakubwa, kutoka baiskeli mpaka gari lenye vioo vyeusi. Mabati hayakuja. Mvua zikaanza kula tofali za juu. Mbuzi wakahamia. Binti yangu akazaliwa, akatambaa, akang'oka meno ya mbele.

Mwaka jana akaja kuhutubia, jukwaa wakalijenga palepale kwenye boma kwa sababu kuta zile zinatoa kivuli. Akazungumza habari za reli, za mji unavyokua. Nilinyoosha mkono mpaka ukafa ganzi. Nikasimama bila kuitwa, nimemshika binti yangu.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba! Mnamwona huyu?" akawaambia wageni wake. "Mwanafunzi wangu. Kichwa sana. Nilimtoa zizini mimi!"

Watu wakacheka, wakapiga makofi.

"Mwanangu anaanza la kwanza Januari. Atasomea wapi?"

"Swali zuri. Suala hilo lipo kwenye mchakato. Kaa chini, mwanangu, nitajibu kwa ujumla."

Sauti ileile ya darasani. Wanaume wawili waliokuwa wamesimama kando yangu wakaketi, wala hawakuambiwa wao. Magoti yangu nayo yalitaka. Nikayakatalia.

"Nikae wapi, Mwalimu? Dawati hakuna. Paa hakuna."

"Mwambie, mama!" mwanamke mmoja akapaza sauti nyuma. "Mbuzi wetu wameshahitimu humo!"

Mwenyekiti wa kitongoji akanivuta kanga. "We binti, huyo ni Mheshimiwa."

"Mheshimiwa simjui. Naongea na mwalimu wangu."

Akashuka jukwaani mwenyewe, anatabasamu kwa ajili ya kamera. Akanishika mkono, hakuuachia. Akainama mpaka nikasikia harufu ya udi kwenye kanzu yake, akaninong'oneza:

"Mwanangu, unaniaibisha mbele ya watu."

Nilidhani ningepiga kelele. Sauti ikatoka ndogo.

"Mwalimu wangu, aibu si maneno yangu."

Sikuendelea. Hakukuwa na haja. Yaliyobaki aliyajua, ni yake. Tabasamu likamtoka kama mtu aliyeitwa kwa jina lake la utotoni. Akatazama boma, akamtazama binti yangu, mkono wake ukalegea ndani ya wangu. Nikasema moyoni, sasa. Sasa atasema. Dereva akafungua mlango wa gari, naye akaingia.

Januari imekuja na mabati hayakuja. Kila asubuhi natoka na binti yangu, nimemshika kifundo cha mkono, si vidole, maana vidole huponyoka. Tunasimama ukingoni mwa lami tunasubiri malori yapite. Kufika hapo ni lazima tupite kwenye boma.

"Mama," aliniuliza juzi, "hii nyumba ya nani?"

"Yako," nikamwambia. "Tembea."