Kabati la Maandazi la Mjusi

Mtaalamu wa mkonge alipohama aliniachia mjusi wake wa Australia, mwenye ndevu za miiba, naye akakua hata kisanduku chake kikambana. Bidhaa za nje ziliporuhusiwa, muuza maandazi wa mtaa wa Nguvumali alipata kabati jipya, akaniuzia lake kuukuu la vioo. Nilitilia shaka usafi wa kabati hilo: limekaa na sukari, halina hata sisimizi.

"Mama, umetia dawa humu?"

"Wanunua kabati au wanipeleleza?"

Nyumbani, kabla ya mjusi, nilitangulia kutia panzi. Asubuhi walikuwa chali. Nilirudi kwake.

"Nilipuliza ya mende," alisema. "Nikuuzie kabati na mende wangu? Aibu."

Nililisugua kwa majivu, nikalianika. Sikumwingiza mjusi mpaka panzi wapya walipokesha humo wazima.