Maegesho ya Vyombo

Saa nne na dakika kumi asubuhi, siku ya Jumamosi, lori la kwanza lilirudi nyuma taratibu hadi kwenye mteremko wa kushushia mitumbwi, likamwaga kifusi. Niliangalia saa kwa sababu nilikuwa nimeahidiwa kwamba kazi haitaanza kabla ya saa sita. Hatua saba kupanda kutoka kwenye rundo lile ulikaa mtumbwi wa mbao wa futi ishirini na nane, umekamilika ubavu mmoja tu. Aliyekuwa akiutengeneza, mzee wa Kijita niliyemfahamu kwa miaka kumi na minne, aliweka randa chini akanitazama mimi, si lori. Alikuwa na haki. Kifusi kile kiliitwa na barua, na barua ile niliiandika mimi.

Nilikuwa karani wa ghala la pamba mpaka tulipopunguzwa kazi. Baada ya hapo niliandika vitabu vya maduka matatu mjini Mwanza, na Jumapili niliingia ziwani na mashua ndogo ya tanga, ambayo mzee huyo alinisaidia kuiunda kwa kufuata michoro niliyoinakili maktaba. Shule niliishia darasa la saba; mengine nimejisomea. Mashua hiyo ndiyo iliyoniingiza katika chama cha wenye boti za starehe. Miaka hiyo biashara ilikuwa imefunguliwa, na wenye fedha mpya walinunua boti za fiberglasi kama walivyonunua madishi ya televisheni. Tulikuwa kumi na wawili. Kumi na mmoja walikuja mwaloni, kwenye ufuko ule wa kushushia mitumbwi, kwa magari. Mimi nilitoka Nyegezi kwa baiskeli. Walinichagua katibu kwa sababu niliandika Kiswahili kisicho na makosa, na kwa sababu hakuna mwingine aliyeitaka kazi. Mwenyekiti, muuza vipuri, aliniita Profesa, na wenzake walicheka kila mara kana kwamba wamelisikia jina hilo siku hiyo.

Mji ulipotaka kuutengeneza upya ule mwalo, ofisa mipango aliomba maoni ya watumiaji. Watumiaji walikuwa wengi: mafundi mitumbwi, akina mama wa dagaa, wasafiri wa visiwani. Barua ya kuomba maoni ililetwa kwetu peke yetu, kwa kuwa sisi ndio tuliokuwa na sanduku la posta.

Tulikaa kikao penye nyama choma. Wote walizungumzia kupaki. Pa kupaki hakuna, tukipaki tunabanana, mji wa maana haukosi pa kupaki. Mimi sikuwa na gari. Nilichosikia ni boti, ambazo kweli zilikuwa zikigongana kwenye gati bovu. Nilirudi nyumbani nikafungua kamusi yangu kuukuu, nikakuta kwamba kuegesha ni kukileta chombo kando ya gati au ufuko. Nilifurahi kupata neno safi. Nikaandika kwamba sisi, wamiliki wa vyombo, tunaafiki eneo lote la mteremko litengwe kwa maegesho ya vyombo. Niliamini nimewalinda mafundi, maana mtumbwi nao ni chombo. Niliwasomea mafundi barua pale mwaloni kabla ya kuituma, wakapiga makofi. Nikapiga chapa nakala tatu na kutia sahihi.

Wiki tano baadaye ramani ilibandikwa ukutani kwenye ofisi za mji. Mteremko wote ulikuwa umegawanywa visanduku thelathini na sita, kila kimoja urefu wa gari. Kwa ofisa mipango, chombo kilikuwa kitu chenye magurudumu.

Nililichukulia kama kosa, na kosa hurekebishwa. Ofisa hakukataa. Alisema nikileta barua nyingine yenye sahihi za wanachama saba, atachora upya. Niliupima mteremko kwa kamba na kukuta kwamba hatua tisa za upana zingetosha kushusha mtumbwi wowote. Magari yangepoteza visanduku sita tu. Nilimweleza mzee hesabu hiyo. Aliuliza jambo moja: kama atawahi kuushusha ule mtumbwi. Ulikuwa umeagizwa na mvuvi wa kisiwa cha Kome, na kazi ilibakiza wiki tatu. Nikamwambia atawahi. Hilo nilisema bila kupima chochote.

Nilizunguka na barua mpya kwa siku nne. Mwanachama mmoja alisema vumbi la msumeno linaharibu rangi ya gari lake. Wa pili angekubali iwapo nafasi yake ingewekwa kivulini, karibu na geti. Wa tatu, msomi wa chuo, aliisoma barua mara mbili, akasifu sarufi yake, akanirudishia bila kuisaini. Boti yake haikuwa imeguswa na maji tangu Krismasi. Nilipata sahihi mbili, moja ikiwa yangu.

Mwenyekiti nilimkuta dukani kwake.

"Profesa, hivi siku ile ulidhani tunaongelea nini?"

"Boti."

Alicheka mpaka akaegemea kaunta. "Boti ina ziwa zima la kupaki, kaka. Sisi tunaongelea magari." Kisha akashusha sauti, kama anayenipa zawadi. "Lakini uliandika vizuri kuliko ulivyojua. Ningeandika mimi paking ya magari, wale mafundi wangepiga kelele mwezi mzima. Wewe umewapa neno, wakalipigia makofi."

Barua alikuwa ameisoma kabla haijatumwa. Alikuwa amelielewa lile neno, akanyamaza, akaniacha nikawasomee watu kwa mdomo wangu. Mji ulikuwa umemwachia yeye kupanga siku ya malori ya kifusi; niliomba wiki tatu. Alinipa mpaka Jumamosi saa sita, akasema ni kwa heshima yangu.

Hivyo Jumamosi hiyo nilikuwa nimekwenda kusaidia kuusogeza mtumbwi, na lori likatutangulia. Nilimsogelea mzee.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, katibu. Hii ni karamu yako."

Alikusudia kalamu; katika matamshi yake r na l hubadilishana. Mara nyingine ningemsahihisha, na yeye angenitania kuhusu Kiswahili changu cha maktaba. Siku hiyo nilishauri tuushushe mtumbwi majini mara moja, kabla ya lori la pili. Akanionyesha ule ubavu ulio wazi. "Tuushushe uende wapi? Chini?"

Malori yalileta mawe na udongo kutoka upande wa Buswelu mpaka jioni. Saa kumi na moja wanachama walifika kuchagua nafasi zao. Mwenyekiti alipanda na gari lake juu ya kifusi kibichi, akapiga honi, wakampongeza. Mmoja wao, yule aliyetaka kivuli, alimwendea mzee na kumwomba kwa adabu autoe mtumbwi wake, kwa sababu ulikuwa umekalia visanduku viwili. Nilimkabidhi mwenyekiti muhuri na daftari la chama hapo hapo. Aliviweka kwenye kiti cha nyuma bila kuuliza sababu.

Lori la kuupeleka mtumbwi kwenye ufuko wa upande wa Misungwi lingegharimu kuliko faida yote ya kazi. Mvuvi wa Kome alikuja, akauona ulivyozungukwa, akasema atatafuta fundi mwingine. Mzee aliukata vipande kwa msumeno wake mwenyewe, kwa siku mbili, akiwauzia wakaanga samaki mbao kwa mafungu. Mtumbwi ulikuwa umeagizwa kwa shilingi laki tatu na themanini elfu. Kuni zilileta arobaini na mbili elfu. Hasara yake, mbali na mteremko wenyewe, ilikuwa shilingi laki tatu na thelathini na nane elfu.