Mtu Ambaye Mashine Haikumwona

Cheka ukitaka, maana hata mimi ningesimuliwa na mwingine ningecheka. Lakini haya yalinikuta mwenyewe, mchana wa jua kali, kiwandani kwetu Singida tunakokamua alizeti. Sijaongeza chumvi.

Tulikuwa tumeletewa roboti, mkono mmoja wa chuma wa kupanga madumu ya mafuta, tufanye nao kazi bega kwa bega bila hata wavu katikati. Wengine walisema ni uchawi, wengine wakasema umekuja kula ugali wa watoto wetu. Mkali kuliko wote nilikuwa mimi. Fundi akaniita mbele.

"Dada, sogeza mkono hapo."

Nikasogeza huku nimefumba macho. Chuma kikasimama kabla hakijanigusa.

"Umeona? Kikihisi mwili wa mtu, kinasimama. Ukitoka, kinaendelea."

Tukajaribu mmoja mmoja, na kwa kila mmoja kilisimama.

Wiki ya pili wakaja vibarua wa kupakia mashudu, yale makapi ya alizeti iliyokamuliwa. Mmoja wao alivaa kofia ya sufu, jua lote lile, na hakumsalimia mtu. Akapita na gunia begani, katikati yangu na roboti. Nikasubiri isimame.

Haikusimama. Ule mkono ulipita ndani ya kifua chake kama unapita hewani, ukatua dumu, ukarudi kuchukua jingine. Yeye akaendelea kutembea. Niamini, nilikuwa karibu naye kiasi cha kusikia harufu ya mashudu mgongoni mwake. Nikasogeza mkono wangu pale alipopita, chuma kikasimama. Nikautoa, kikaendelea. Sasa niseme mashine ilikuwa mbovu?

Alipotua gunia, kofia ikapanda, nikaona sikio la kushoto limechanika. Sikio lile lilichanwa na seng'enge tukichunga mbuzi utotoni, kijijini kwetu Kinyangiri. Alikuwa Shabani, kaka yangu, tuliyemzika mwaka mmoja kabla.

Kwetu huyo ndiye msukule: mnazika, mnalia, kumbe mtu wenu amechukuliwa akatumikishwe. Tangu utotoni nimesikia kwamba ukimshika mkono ukamwita jina, anaweza kurudi. Nilijua hivyo, na yeye alikuwa hatua tatu tu kutoka nilipo, ananitazama, machozi yanamtoka. Nami, mwanamke mzima, nikarudi nyuma. Unajua niliogopa nini? Niliogopa kwamba mkono wangu nao ungepita.

Lori likapiga honi nje. Akainama, akatoka. Kesho yake walikuja vibarua wengine, na msimamizi hakujua wale wa jana walitokea wapi.

Wenzangu wanaoiogopa roboti bado wapo. Mimi nafanya nayo kazi bila wasiwasi, wanaonitia hofu siku hizi ni watu. Mama anauliza kwa nini siendi tena kaburini kwa kaka yangu, nami nasingizia kazi. Naona aibu.

Kwa hiyo wewe unayenisikiliza, ukikutana na wako uliyemzika, usianze kuchunguza kama ni mzima. Mshike kwanza, uogope baadaye.