Nilifunga Tumbo Nisipite Mbele ya Mama Mkwe

Kosa ni langu. Nalisema mwanzoni kabisa ili usianze kunionea huruma halafu ukajuta. Mke wangu hakumzika baba yake mzazi kwa sababu yangu. Dada yake akaaibishwa mbele ya ukoo kwa sababu yangu. Na mimi nilikuwa nimelala kitandani, najua ukweli wote, nikanyamaza!

Nina ugonjwa wa Crohn. Utumbo unavimba, unatoka vidonda, vidonda vinaacha makovu, makovu yanabana njia ya chakula. Kabla haujajulikana nilinyweshwa dawa za minyoo, za amiba, na mizizi ya kila aliyedai anajua miti. Mwishowe nikapasuliwa, wakaondoa kipande cha utumbo kilichoziba, wakaunga uliobaki.

Tangu hapo choo changu si kama cha watu wengine. Kinakuja mara nyingi, kilaini, na kikija hakina subira. Daktari alinieleza vizuri, siwezi kumsingizia. Kula kidogo kidogo. Tafuna sana. Kunywa maji ya kutosha na yale ya chumvichumvi. Epuka mahindi ya kuchemsha, uyoga, karanga nzima na vyakula vyote vyenye makapi magumu. Akanipa vidonge vya kupunguza kuhara, akanikazia macho: "Hivi ni vya kutuliza, si vya kuziba. Ukiona tumbo limekaza, hupati choo wala upepo, acha kula, acha vidonge, njoo mbio."

Nikashika. Kazi yangu ni kusoma mita za maji, nazunguka mtaa wa Gongoni na mitaa mingine ya mjini kwa miguu. Uji mapema, nasubiri tumbo limalize shughuli yake, ndipo natoka. Nyumba zenye choo cha kunisitiri nazijua, na akina mama wasiouliza maswali nawajua. Maisha yakaenda. Nikanenepa hata!

Kisha baba mkwe akafariki, kwao Igalula.

Kwetu Wanyamwezi mkwe wa kiume, mkwilima, hana mazoea na mama mkwe wake. Humkazii macho, humpi mkono, huli mbele yake. Ukikutana naye njiani unachepuka. Sasa sikiliza msiba ulivyokaa. Wanaume tulikuwa mbele ya nyumba, chini ya turubai. Choo kiko nyuma, na njia ya kukifikia ni moja tu, inapita mbele ya kibaraza alichokalia mama mkwe na wanawake wenzake. Kila aendaye na kopo la maji anaonekana. Mimi ningepita pale mara ngapi kwa siku? Kopo mkononi, tumbo linanguruma, mkwe ananitazama?

Nikameza vidonge. Nilikuwa nimeshameza kabla ya kutoka mjini, nisije nikasimamisha gari porini. Nikaongeza nilipofika. Nikaongeza tena. Na maji nikaacha kunywa. Choo kikakoma. Nikajiona mjanja! Mjanja wa nini, mpumbavu mimi!

Mke wangu, nitamwita Mama Neema, akaja kuninong'oneza pembeni ya turubai.

"Baba Neema, tumbo vipi?"

"Shwari."

"Chooni unakwenda?"

"Nakwenda. Mbona unanichunga kama mtoto?"

Sikuwa nimekwenda tangu tufike.

Siku ya maziko tukaletewa sinia za kande. Mimi nikajitenga. Nilijua mahindi yale si ya kwangu. Lakini marehemu alikuwa na mtani wake, mzee wa Kizaramo aliyelowea Igalula tangu alipokuwa akifanya kazi relini, na mtani msibani hana breki.

"Jamani, aliyekufa hapa ni nani?" akapaza sauti. "Maana naona wawili hawali! Mkwilima wa mjini, tukuchimbie na wewe? Babu zako walibeba pembe za ndovu kutoka hapa mpaka pwani, leo wewe kijiko kinakulemea!"

Turubai zima likaangua kicheko. Mzee wa watu hakukosea. Ndiyo kazi ya mtani, kuwatoa watu kwenye uchungu. Ningemrudishia utani wake, yakaisha.

Punde dada yake mke wangu, nitamwita Kabula, akaniita nyuma ya gari. Mama mtu mzima, ana wajukuu. Mkononi ana bakuli limefunikwa.

"Shemeji, uji wako huu. Mama kaupika mwenyewe, kauchuja. Kunywa hapahapa, hakuna anayekuona."

Ona wema huo! Mama mkwe yuko kwenye kilio cha mumewe, akainuka mkekani akanichujia uji. Na Kabula akatafuta mahali pa kunifichia aibu. Alipogeuka, niliumwaga chini. Niliogopa mtani asije akanikuta nimeshika bakuli la uji! Bakuli tupu nikaliacha pale, watoto wakalichukua wakachezea. Nikarudi turubaini, nikavuta sinia, nikala kande mpaka mzee akapiga makofi. "Sasa huyo ndiye mkwilima!"

Tumbo lilikuwa limekaza kabla ya kijiko cha kwanza. Nilijua! Maneno ya daktari nilikuwa nayo kichwani, nikayashindilia mahindi na maharage juu yake.

Jeneza linatolewa ndani, mimi nikaanguka. Tumbo limejaa kama ngoma, natapika maji ya kijani. Mama Neema akamwacha baba yake mlangoni, akapanda gari na mimi kurudi mjini. Wenzake wakaelekea makaburini. Baba yake anafukiwa, yeye ananishikia ndoo.

Hospitali wakaniuliza, "Umekula nini? Umemeza dawa gani?"

Mke wangu amesimama pembeni. Nikasema, "Walinipa kande."

"Dawa?"

"Hakuna."

Wakanipitisha mpira puani, wakanitundikia dripu, mwisho wakanipasua. Kipande kingine kikaondoka, na nikatoka na mfuko wa choo ubavuni. Wangejua habari ya vidonge, huenda wangeupa utumbo muda uamke wenyewe. Huenda wasingeupa. Sitajua maisha yangu yote, kwa kuwa niliowaomba waniokoe ndio niliowadanganya.

Bado sijafika kwenye kosa lenyewe.

Mama Neema akampigia mama yake simu, analia kwa hasira. "Mama, si nilisema apikiwe uji?" Akajibiwa kwamba umepikwa, umepelekwa na Kabula. Akanigeukia. "Uji ulikufikia?"

Nikasema, "Sijauona."

Sijauona! Nilitamka hivyo, ulimi ukakubali!

Msibani wakakumbuka bakuli tupu mikononi mwa watoto. Baba wadogo wakamweka Kabula katikati. Umempa nani uji wa mgonjwa? Wajukuu zako? Akaapa kwa jina la baba yake aliye kaburini, wakamwambia asiape uongo kwenye matanga. Wakamkataza kugusa chakula cha wageni. Bibi mwenye wajukuu! Akafunga mzigo wake, akaondoka nyumbani kwa baba yake matanga hayajaisha. Mke wangu, mdogo wake, akasema hana dada. Mimi nilisikia yote hayo kupitia simu ya mke wangu, nikageukia ukutani.

Nimekaa na hilo mpaka siku ya kliniki ya juzijuzi. Mfuko ulikuwa umeshaondolewa na utumbo umerudishwa, nahara upya. Daktari akasema, "Utumbo uliobaki si wa kuchezea. Nikikuandikia vidonge vilevile bila kujua ulivitumiaje, nitakuua. Niambie."

Nikamwambia. Mama Neema amekaa kando yangu.

Alitangulia mbele yangu mpaka getini. Hapo akasimama.

"Na uji?"

Nikajifanya natafuta kadi ya kliniki mfukoni.

"Nakuuliza, Baba Neema. Na uji?"

"Ulifika. Niliumwaga."

Nilitegemea atapiga kelele. Akasema polepole, "Nimemtukana dada yangu kwa ajili ya tumbo lako." Akaita pikipiki, akaniacha palepale.

Kabula alipoambiwa na mdogo wake akatoa sharti moja. Niende Igalula nikayaseme mbele ya walewale waliomsikia akiapa. Nikaenda. Baba wadogo wapo, mtani yupo, mama mkwe yupo nyuma ya pazia la mlango. Nikasema yote. Vidonge, kuhara, choo, kibaraza, uji. Neno choo, mbele ya mama mkwe! Mtani, yule asiyekosa neno, aliinamisha kichwa.

Sauti ikatoka nyuma ya pazia.

"Mkwilima, uliniona nimekaa pale kibarazani?"

"Ndiyo, mama."

"Marehemu mwenzangu nimemsafisha haja kwa mikono hii mpaka anakata roho. Nimemwosha, nimemgeuza, nimemwosha tena. Choo chako wewe ndicho kingenitia kinyaa? Ungeona aibu kupita, ungemtuma mkeo aniambie, ningehamisha mkeka. Mkeka tu! Ukaona afadhali mwanangu asimzike baba yake?"

Nikamgeukia Kabula.

Kabula alisimama. "Umemaliza?"

"Nimemaliza, shemeji. Nisamehe."

"Waliosikia wamesikia. Kusamehe, nitakwambia nikiwa tayari. Usiniulize tena."

Mama Neema alirudi kwao, na mpaka leo amebaki huko. Ananijibu kwa simu habari za mtoto tu. Nami nimejaa hasira, na hasira yenyewe haina pa kwenda. Nimkasirikie nani? Mila haikunituma kumeza vidonge. Mtani hakunilisha kwa nguvu. Ugonjwa haukuniambia niseme uongo.

Wewe uliyepasuliwa tumbo, unayesoma huku umeshika ubavu wako, nisikilize. Vidonge vya kuzuia kuhara si kufuli ya kufungia aibu. Meza ulivyoandikiwa, si zaidi. Tumbo likikaza, usile chochote ili kumfurahisha mtu yeyote. Daktari akikuuliza umemeza nini, taja chote, hata kama mkeo, mama yako na padri wako wamesimama hapo.

Na ukialikwa ukweni, arusini au msibani, kabla hujakaa kwenye kiti ulichopewa, uliza choo kiko wapi. Ukishikwa, inuka uende, anayetazama atazame!