Kasha la Mbambakofi

Mume wangu Abdulmalik hajui kutulia. Hapa Garsen watu wanamjua kwa kufufua mashine kuukuu za santuri, zile za Kijapani ambazo mota huzungusha sahani yenyewe bila mkanda, na wateja humfuata mpaka kutoka Malindi. Za watu huzimaliza. Ya mamake ndiyo haikuisha.

Mama mkwe wangu, Bi Tuneya, aliimba na dada zake kabla hajaolewa, wakarekodiwa Mombasa. Imebaki santuri moja. Masikio yake yalipoanza kufifia alitaka jambo moja tu, aupate wimbo wake mzima kabla hajawa kiziwi kabisa. Basi kila alasiri alivuta kiti, akaweka kiganja juu ya kasha la mashine, wimbo ukaanza. Haukufika hata katikati, Abdulmalik akaukata.

"Subiri mama, kuna mvumo."

Mvumo! Mimi sikuwahi kuusikia. Yeye alidai spika inatikisa kasha, na kasha linatikisa sindano. Akatupa kasha la plaiwudi, akaanza kuchonga la mbao ngumu ya mbambakofi, zito mpaka lilinitoa jasho kulisogeza nifagie. Akabandua mpira wa juu ya sahani, akakata mkeka wa ngozi ya ng'ombe. Ngozi ikajikunja kwa joto. Akakata mwingine. Chakula kinapoa, bwana yuko sakafuni na bisibisi, sikio kalibandika kwenye mbao. Na mimi namwona mama anavyozidi kuinamia ile mashine. Nilishikwa na hasira ya kweli.

"Baba Mansur, mwache mama asikie hivyo hivyo!"

"Nusu nusu sitaki."

Mwishowe akamaliza. Sauti ilitoka safi, sitamnyima sifa zake. Hata pumzi za wale wasichana zilisikika. Mama akaweka kiganja juu ya kasha jipya. Akakitoa, akakirudisha.

"Mbona hamjawasha?"

"Inaimba, mama!" nikampigia kelele sikioni.

Akanitazama midomo. "Haiimbi. Zamani nilikuwa nawapata hapa." Akagonga mbao. "Masikio yaliniacha tangu masika. Huu mkono ndio uliokuwa ukisikia."

Kazi yote ile ya mume wangu, na mtikisiko aliouua ndio mamake aliokuwa akiusubiri. Nilimhurumia mpaka hasira ikaniisha. Abdulmalik akafungua skrubu, akaipachika mashine kwenye ubao mwembamba, akaiweka juu ya spika yenyewe, jambo analomkataza kila mteja.

Sauti ikawa mbovu kabisa. Ilinguruma, sindano ikarukaruka. Kila ngurumo ilimchoma mume wangu, usoni ilionekana, lakini hakugusa kitu.

Mama aliweka kiganja. Vidole vikaanza kucheza, midomo ikafuata maneno, kisha akacheka peke yake.

"Huyu dada yangu," akasema, "mpaka leo anachelewa kuitikia."