Samaki Bila Vichwa

Mtu akikuambia Kisumu ni joto, mwamini, halafu uje tu. Mimi nilikuja na rundo la masweta, kwa maana mama yangu ndiye aliyenifungia mzigo, na kwetu Nyandarua hakuna anayesafiri bila sweta. Wiki ya kwanza niliyakunja nikayafanya mto, nikayalalia nikicheka peke yangu. Nilikuwa na kazi ya kushona sare za shule! Nilikuwa na chumba changu mwenyewe mtaani Nyalenda! Na nikipanda juu ya stuli, niliona kipande cha ziwa katikati ya mabati ya majirani. Nilipanda stuli hiyo kila asubuhi hata kabla ya kupiga mswaki.

Tatizo lilikuwa mama. Alikubali nihame kwa sharti moja: mwisho wa mwezi angepiga simu, na kama bado sina mtu hata wa kumwomba chumvi, nirudi nyumbani tulime viazi. Nami mama yangu simdanganyi, siwezi, akisikia pumzi yangu tu anajua. Mwezi ukayoyoma, na majirani tuliishia kusalimiana pale bombani.

Siku yenyewe ya simu nikaamua liwe liwalo, nikawaalika majirani wangu wawili. Mmoja alikuwa mwanamke mnene mwenye kicheko cha karibu. Mwingine, mzee asiyecheka ovyo, ploti nzima ilimwita Dani, yaani nyanya kwa Kijaluo. Nitawapikia samaki, nikajiapiza, mimi ambaye samaki nilimjua kwa picha ya kitabu cha shule.

Kwenye soko la Kibuye nikachagua ngege wanono, samaki wa ziwa lile. Lakini wakanikodolea macho mpaka nikaona haya. Nikamwambia muuzaji akate vichwa, abaki navyo. Akaniuliza kama nina hakika. Nikasema vyote! Akanishika mkono kwa mikono yake miwili na kunibariki. Niliondoka nikiringa, nikiwaza jinsi watu wa huku walivyo na adabu.

Wageni walifika wamependeza. Dani akaomba, tukaitikia amina, nami nikafunua sufuria kwa mbwembwe. Dani akachungulia, akapitisha mwiko chini ya mchuzi taratibu, akachungulia tena.

"Nyathina," akasema, "mtoto wangu, kichwa iko wapi?"

"Nilimwachia yule mama wa soko."

"Yote?"

"Vilikuwa vinaniangalia, Dani."

Yule mnene alitoka nje akakaa kizingitini, akacheka mpaka akalia. Dani hakucheka. Alinieleza polepole kwamba kichwa ndicho utamu wenyewe, na kwamba mgeni aliyenyimwa kichwa huenda nyumbani akijiuliza amekukosea nini. Viazi nikaviona vimejipanga mbele yangu, tuta baada ya tuta, nikawaeleza wageni wangu sharti la mama.

Na simu nayo ikalia. Mikono yangu ilikuwa na mchuzi, nikabonyeza spika kwa kidole cha mwisho.

"Haya," akasema mama yangu bila salamu. "Umepata watu?"

"Sijui, mami. Nimeharibu samaki." Nilitaka kubaki, nilitaka mno.

Dani akanyoosha mkono akaichukua simu, akaishika mbali na uso kama kioo.

"Mama, habari ya huko? Mimi ni jirani. Huyu msichana hawezi rudi saa hii. Hajui kula samaki, hajui kupika samaki, hajui hata kununua. Ukimchukua hivi atatuaibisha. Wacha tumfundishe kwanza."

Upande wa pili nilisikia jogoo wa kwetu akiwika.

"Na itachukua muda gani?" mama akauliza.

Dani aliniangalia, akaangalia sufuria, akaniangalia tena.

"Huyu? Aii, mama. Miaka."

Mlangoni kicheko kikaanza upya, na safari hii mama yangu naye akakiitikia, akacheka mpaka akakohoa.

"Basi mwambie anitumie hizo sweta," akasema. "Huku kuna baridi."