Maharage Yaliyojipika Mlandege

Sisi tuliokulia Iringa miaka ya sabini, chungu kikishakaa mafigani mtoto wa kike hakutoka jikoni mpaka kiteremke. Haikuwa adhabu. Ilikuwa kazi. Unakaa na moshi wako, machozi yanakushuka, kuni ya mti wa mwati inatema cheche kwenye gauni, unasukuma kuni, unaongeza maji, unaonja punje moja na kuitema kwa sababu bado ni jiwe. Wenzangu wenye kakovu kadogo ka cheche juu ya goti, nawasalimu. Watoto wa sasa ukiwaambia wakae saa tatu wanatazama maharage, watakuuliza hayo maharage yana muziki.

Yamenirudia haya kwa sababu ya mjukuu wangu Neema. Neema ana kibanda cha kompyuta hapa Mbeya, anafufua zilizochoka. Kazi yake kubwa ni hiyo wanayoiita kupiga windo: kompyuta inafutwa yote ya ndani, halafu inawekewa mfumo mpya, kama shamba linalofyekwa na kulimwa upya. Zamani, anasema, ulikuwa unakaa mbele yake inakuhoji. Lugha gani, uko nchi gani, saa ngapi, jina lako nani, namba ya mfumo ipi, unakubali au hukubali. Ukienda kunywa chai, ukirudi unaikuta imesimama palepale kama punda, inasubiri jibu la swali la pili.

Sasa amepata kiprogramu kinachommalizia hayo. Anakaa nacho mara moja anachagua: michezo hii ya nini, toa, lugha za watu ambao hawajawahi kufika Mbeya, toa, draiva za mashine kuukuu za hapa mjini, weka. Kisha anaandika majibu yote mapema, moja baada ya jingine, anachoma sahani yake, ile ya DVD. Sahani ikishaingia kwenye kompyuta, yeye huyo, anakwenda kusukwa nywele. Akirudi, imeiva.

"Haiulizi kitu, Bibi," akaniambia, anajisikia. "Inajijibu yenyewe mwanzo mpaka mwisho. Hakuna mtu."

Nikamwambia mimi sahani hiyo niliitengeneza mama yake hajazaliwa. Akanitazama kwa huruma, akadhani uzee umeshafika kichwani.

Tulikuwa tunakaa Mlandege, mtaa wa pale Iringa, kwa bibi yetu mzaa baba, mimi na mdogo wangu Oliva, aliyekuwa na miaka mitano. Mama alikuwa Kilolo kwenye shamba la viazi na njegere. Baba alikuwa Mbeya, kwenye reli mpya ya kwenda Zambia, akibeba mataruma. Nilikuwa sijamwona tangu mvua za mwaka uliopita. Sura yake ilikuwa imeanza kunitoka, nikifumba macho naona kofia tu. Basi likizo ya Juni ilipokaribia akatuma salamu kwa dereva wa lori: Veridiana aje akae naye mpaka shule ifunguliwe, maana amechoka kula vyakula vinavyopikwa na wanaume.

Bibi akazisikiliza salamu, akanipima toka juu mpaka chini.

"Huyu? Atampikia baba yake nini? Majivu?"

Alikuwa na haki. Mwezi ule nilikuwa nimeunguza maharage mara mbili, mara ya pili mpaka chungu kikapasuka. Akaweka sharti. Siku sita, Jumatatu mpaka Jumamosi, chungu kimoja cha maharage kila siku. "Isiungue hata punje. Yasipoungua, Jumapili baada ya misa unapanda basi. Yakiungua, baba yako utamwona Krismasi, kama Mungu atakuwa bado anakukumbuka."

Bibi mguu wake ulikuwa umevimba, hakuwa akitembea mbali. Alikaa chumba cha pili anasuka vikapu vya milulu, zile nyasi ngumu zinazong'aa, na jikoni alinisimamia kwa mdomo, kupitia ukutani. Maswali yake yalikuwa manne, kwa mpangilio uleule, kama katekisimu.

"Moto?"

"Unawaka, Bibi."

"Maji?"

"Nimeongeza, Bibi."

"Umeonja?"

"Bado kidogo, Bibi."

"Umefunika?"

"Nimefunika, Bibi."

Halafu kimya, mpaka amalize mzunguko mmoja wa kikapu, ndipo anaanza tena. Nadhani hata majibu hakuyasikiliza sana. Alikuwa anasikiliza kama mtu yupo.

Jumatatu mpaka Ijumaa nilipika kama malaika. Jumamosi ndiyo ikaleta shetani, na shetani huyo jina lake Dafroza, binti wa jirani, darasa moja na mimi. Siku hiyo tulikuwa na rede na wasichana wa mtaa wa juu. Walikuwa wametufunga mara ya mwisho, na wametutungia wimbo ambao siwezi kuuandika hapa, nina wajukuu. Mkwepaji wa timu yetu nilikuwa mimi. Wawili wanarusha mpira wa matambara, mimi niko katikati nakwepa huku najaza mchanga kwenye chupa. Nilikuwa mwembamba, mpira ulinikosa kwa sababu hapakuwa na pa kupiga.

"Usipokuja watasema umewaogopa," Dafroza akaninong'oneza mlangoni.

"Nikija nimemkosa baba."

Dafroza akachutama, akaokota kipande cha mkaa. "Hebu nitajie. Hicho chungu kinataka nini na nini?"

Nikamtajia, naye anachora alama sakafuni. Kuchambua mawe. "Umeshachambua, futa." Kusukuma kuni. Akafikiri. Kuongeza maji. Akafikiri zaidi. Kuonja. "Kuonja ndiko kunaivisha? Futa." Kumjibu Bibi. Hapo tukatazamana, kisha wote wawili tukamgeukia Oliva, aliyekuwa amekaa analivalisha gunzi lake kitambaa kama mwanasesere.

Nawaambieni tulifanya kazi. Kinu tulikilaza, tukaegemeza juu yake gogo refu la mwati, limeinama kuelekea motoni, likiungua mbele linateleza lenyewe kwenda chini. Kifuniko tukakiegeshea mchi, pakabaki upenyo. Dafroza akakimbia kwao akarudi na kopo. Sikumwuliza lilikuwa kopo la nini. Tukalitoboa kwa msumari, tobo tukaliziba nusu kwa uzi wa kanga, tukalijaza maji, tukalining'iniza kwenye boriti juu ya ule upenyo. Tone. Tone. Tone. Nikatamani nimwite Bibi aje aone, nikakumbuka ni nani tunayemficha.

Oliva tukamfundisha kama katekista anavyofundisha. Bibi akisema neno la kwanza, unajibu hivi. La pili, hivi. La tatu. La nne. Halafu unaanza upya. Moto usiuguse, usisogee mafigani. Ujira wake ni muwa, nusu sasa, nusu tukirudi. Sauti yangu na yake ilikuwa moja, tumbo moja. Tulimjaribu mara mbili, ya tatu Bibi mwenyewe akauliza kweli, Oliva akajibu yote manne bila kukosea, hata ile "Bibi" ya mwisho akaivuta kama mimi. Tukatoka kwa vidole vya miguu.

Yaliyotokea nyuma yetu nilisimuliwa na Bibi mwenyewe, kila sikukuu, mpaka anakufa. Raundi tatu zilikwenda sawa. Ya nne Bibi akashikwa na kiu.

"Veri, niletee maji ya kunywa."

"Unawaka, Bibi."

Bibi akaacha kusuka. "Nimesema niletee maji."

"Nimeongeza, Bibi."

"Veridiana, una wazimu?"

"Bado kidogo, Bibi."

"Uko wapi wewe mtoto?"

"Nimefunika, Bibi."

Mimi wakati huo chupa yangu imefika nusu na wasichana wa mtaa wa juu wameacha kuimba. Ghafla na wa kwetu wakanyamaza. Nikageuka. Bibi alikuwa amesimama pembeni ya uwanja, fimbo mkono huu, mkono huu kamshika Oliva na muwa wake. Mguu ule ambao haukuwa umevuka ua tangu Pasaka.

"Maliza tu mchezo," akasema. "Mimi nimekuja kutazama."

Hakuna mtu aliyemaliza mchezo.

Nyumbani alituweka mimi na Dafroza ukutani, akakizunguka kile chungu polepole. Akalitazama gogo. Akaligusa kwa fimbo, likateleza kidogo kama tulivyolipanga.

"Hili nani kalifikiria?"

"Mimi, Bibi," Dafroza akasema, sauti kama ya mbu.

"Hm."

Akafunua. Niliomba watakatifu wote niliowajua na wengine nikawabuni. Maharage yalikuwa mekundu, laini, yamepasuka vizuri, hakuna hata punje iliyoshika chini. Nikamwona baba, na kofia yake na uso wake. Bibi akachota kwa mwiko, akapuliza, akaonja. Akakaa nayo mdomoni muda mrefu. Kisha akanipa mwiko.

Kopo lilikuwa la mafuta ya taa.

Lilikuwa limesuuzwa, Dafroza aliapa kwa jina la mama yake. Lakini tone kwa tone, asubuhi nzima, hakuna aliyeonja.

Nikaanza kulia kabla sijaambiwa kitu. Nilijua basi limeondoka. Bibi akaketi kwenye kigoda, akaunyoosha mguu.

"Mimi nilisema yasiungue," akasema. "Hayakuungua. Sibadili neno langu kwa sababu ya watoto wajinga. Kesho unakwenda Mbeya."

Nikamrukia. Akanizuia kwa fimbo.

"Na haya unampelekea baba yako. Ale alichopikiwa na mwanaye."

Aliyamwaga maji yake, akayaosha maharage mara tatu, akayachemsha upya, akayakaanga kwa vitunguu vingi, akayafunga kwenye bakuli la bati na kitambaa juu. Vitunguu havikusaidia. Kuanzia Mafinga abiria walianza kunusa. Makambako utingo akapekua mizigo ya watu, anauliza ni mwehu gani kapanda na mafuta ya taa. Mama mmoja mwenye kuku akatuhumiwa, akakasirika, akamtuhumu mzee wa mbele. Mimi nilikuwa nimeyapakata, natazama dirishani nchi ya Usangu inavyopendeza.

Muda wote huo nilikuwa napanga majibu. Baba akiniuliza Bibi mzima, nitasema mzima. Akiniuliza shule, nitasema wa tano darasani. Akiniuliza harufu hii, nitasema ni ya ndani ya basi.

Akanipokea stendi. Nikapiga goti, nikamsalimu, "Kamwene, baba," nikasahau kuinuka, kwa sababu uso ulikuwa uleule, sikuwa nimeusahau. Tukafika chumbani kwake, akafungua bakuli, akakata tonge, akachovya. Akatafuna. Akaacha kutafuna. Akanitazama. Mimi majibu yangu yamesimama foleni.

"Ulionja?" akauliza.

Hilo sikuwa nimelipanga. Nikalia, nikasema yote, gogo, kopo, Oliva. Aliposikia "nimefunika, Bibi" alicheka mpaka akaegemea ukuta. Kisha akakata tonge la pili, na la tatu, akayala mpaka bakuli likang'aa. Likizo nzima nikimpikia alikuwa na swali hilo moja. Umeonja? Nilipoolewa aliniuliza. Wiki yake ya mwisho, nimemshika kichwa namlisha uji, aliniuliza.

Basi nilipomaliza kumsimulia Neema, nikamwuliza na mimi. "Kwenye hiyo sahani yako, kuonja umekuweka wapi?"

Akacheka, akisubiri nicheke. Sikucheka. Akaanza kuzungusha pete kidoleni. Kumbe mwezi uliopita alimfutia mwalimu mmoja kompyuta yote, na ndani yalikuwemo mahubiri ya marehemu mume wa huyo mwalimu, aliyoyarekodi mwenyewe. Sahani haikuuliza, ilikuwa na majibu yote. Neema alirudi na nywele zake mpya, akakuta yameshakwenda.

"Ungeiambia iulize mara moja kabla ya kufuta," nikasema. "Hayo mengine ijijibu inavyotaka."

Akachukua simu yake, akatoka. Lakini siku ya pili nilimwona amekifungua kile kiprogramu, akatoa alama ya tiki mahali fulani, akachoma sahani nyingine. Sasa inakwenda yenyewe mpaka kwenye kufuta, hapo inagoma. Lazima awepo. Anapiga simu kwa mwenye mashine: humu ndani kuna kitu unakipenda?

Zamani tuliyaona maswali kero. Kutwa nzima mtu anakuita kupitia ukutani, moto, maji, umeonja, na wewe unavimba mashavu. Leo jiko langu ni la gesi, halina moshi wala cheche, na mtu anaweza kupika, kula na kuosha sahani asiulizwe na kiumbe yeyote. Watoto wanakwepa hata kubisha hodi, wanatuma ujumbe. Nyumba ni safi na kimya, wenzangu, na sijui kama tuliyatamani hayo.

Ila jana jioni nilikuwa nimebandika maharage. Neema yuko chumba cha pili na simu yake, nikajua ameshanisahau. Mara nikasikia kupitia ukutani:

"Bibi, umeonja?"

Nilikuwa na mwiko mkononi na jibu nilikuwa nalo. Nikasema kwa sauti nzuri kabisa, "Nimefunika, Bibi."

Simu ikawekwa mezani. Kisha nikasikia kandambili zake zinakuja.